Otomatiki Sio Gari ya Wavivu, Shida Ni Sisi Tunaoijua D Pekee

Kuna ugonjwa umeenea hapa Kenya na hauna chanjo. Mtu ananunua gari ya otomatiki, anaweka gia kwenye D, halafu herufi zingine zote zilizoandikwa pale anazichukulia kama mapambo. S ni ya nini? Hajui. L? Hajui. B? Labda ni breki. Taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi kwa sababu mtoto amebonyeza kitufe, anakimbia kwa makanika akidhani injini inakufa.

Upande wa pili kuna wasee wa manyuali. Hawa ndio wanatuambia ati otomatiki ni ya wavivu, ati dereva wa ukweli anaonekana kwa klachi, ati gari inayojibadilishia gia ni kama kulishwa na kijiko ukiwa mtu mzima.

Leo nagombana na pande zote mbili. Msimamo wangu ni huu: giaboksi ya otomatiki inafanya kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Inakusoma wewe, inasoma na barabara, muda wote gari ikitembea. Lakini kuna kitu kimoja haiwezi, nacho ni kuona mbele. Hiyo ni kazi yako. Na kwa sababu hakuna mtu anatufundisha hiyo kazi, tunaua magari, na wakati mwingine tunaua watu.

Tuanze na vile inakusoma, ndio tuheshimiane.

Otomatiki za zamani hazikuwa na akili hiyo. Hydra-Matic, ambayo General Motors waliiweka kwenye Oldsmobile za mwaka wa 1940, ndiyo otomatiki kamili ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Ilikuwa inaamua kwa presha ya oili. Presha moja ilipanda kadiri gari ilivyokimbia, nyingine ilipanda kadiri dereva alivyokanyaga mafuta. Zikisukumana, inayoshinda ndiyo inaamua gia ibadilike ama ibaki. Basi. Hesabu ilikuwa hiyo hiyo kwa mzee wa kanisa na kwa kijana mwenye haraka.

Miaka ya 1980 kompyuta zikaingia. Mwaka wa 1989 Chrysler wakatoa Ultradrive, giaboksi iliyokuwa inapima vile klachi zake za ndani zinashika, kisha inajirekebisha. Mwaka wa 1990 Porsche wakaja na Tiptronic, yenye ratiba tano tofauti za kubadilisha gia, na kompyuta inachagua ratiba kulingana na vile unaendesha. Mitsubishi wakaweka INVECS kwenye Galant ya 1992, halafu ikafuata INVECS-II. Kama umewahi kupanda Galant ya mjomba ukaona hilo neno, ukadhani ni jina la redio, sasa unajua. Ilikuwa inamsoma mjomba.

Inasoma nini haswa? Kompyuta inaangalia umekanyaga mafuta mpaka wapi, umekanyaga kwa kasi gani, na unabadilisha mawazo mara ngapi. Inajua kama unafunga breki mapema ama unangoja dakika ya mwisho. Ukiwa mtu wa kugusa pedali polepole, inapanda gia mapema ili uokoe mafuta. Ukiwa mtu wa kuvamia pedali kama inakudai, inashikilia gia ya chini kwa sababu inajua utataka nguvu tena sasa hivi.

Hiyo ni tabia yako, na kwa magari mengi haiwekwi moyoni kwa muda mrefu. Ukitulia kwa dakika chache, na yenyewe inatulia. Kwa hivyo ile stori ya "usimpe kaka yako gari, ataifundisha tabia mbaya milele" iacheni.

Kuna kujifunza kwingine ambako ndiko kunakaa. Ndani ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, kubadilisha gia ni klachi moja kuachia na nyingine kushika. Kabla klachi ishike, lazima oili ijaze nafasi yake kwanza. Klachi ikiisha kidogo kidogo, nafasi inaongezeka na oili inachukua muda zaidi. Kompyuta inalinganisha kasi ya shafti inayoingia na ile inayotoka, inaona gia imechelewa kushika, na mara inayofuata inabadilisha presha. Inafanya hivyo tena na tena, miaka na miaka.

Sasa fikiria magari yetu. Sheria ya Kenya inaruhusu gari iliyotumika iingie ikiwa haijapita miaka 8, na nyingi zinatoka Japani. Gari inashuka pale bandari ya Mombasa ikiwa imeshaishi maisha mengine. Unaijaribu, gia zinaingia laini kama siagi, unasema "hii ni kama mpya". Hapana. Imezeeka, lakini imejifunza kuishi na uzee wake.

Na hapo ndipo wengi wanapigwa. Betri inatolewa ama inakufa, na kuna magari ambayo hupoteza hiyo kumbukumbu yote. Mengine huihifadhi. Ile inayosahau itashtuka-shtuka kwa muda kabla ijifunze upya. Wewe unasikia mshtuko mmoja pale kwa taa za barabarani, unapeleka gari gereji, na mtu ambaye hajaunganisha hata mashine ya kusoma kompyuta anakuambia giaboksi imekufa, tafuta nyingine. Swali la kwanza linafaa kuwa: betri imeguswa lini? La pili: kompyuta inasema nini? Ukiona mtu anarukia bei kabla ya hayo maswali, chukua ufunguo wako uende.

Barabara nayo inasomwa vipi? Kompyuta inajua injini inatoa nguvu kiasi gani, na inajua kwa nguvu hiyo gari ingefaa kuongeza mwendo kiasi gani kwenye tambarare. Nguvu ikiwa nyingi na mwendo hauongezeki, basi kuna mlima, ama umejaza watu saba na viazi vya shosho. Inakataa kupanda gia ya juu, kwa sababu ikipanda itashindwa, irudi, ipande, irudi. Na mguu wako ukiwa umeachilia mafuta lakini mwendo unazidi, inajua ni mteremko. Ukigusa breki hapo, kuna zile hushuka gia zenyewe ili injini isaidie kushikilia gari. Honda huita hesabu hii Grade Logic. Toyota wana AI-SHIFT.

Kwa hivyo wasee wa manyuali, tulieni. Kusema hii kitu ni ya wavivu ni kama kusema kikokotoo ni cha watu wasiojua hesabu.

Lakini sasa niwageukie wenzangu wa D.

Angalia vizuri hizo sensa zote. Umekanyaga vipi, gari imekimbia vipi, oili ina joto gani. Kila kitu hapo kimeshatokea. Giaboksi inajua uko kwenye mteremko baada ya kuanza kushuka. Inajua umeingia matope baada ya tairi kuteleza. Haijui kwamba baada ya hiyo kona kuna kilomita kadhaa za kushuka na lori la mchanga liko mbele. Wewe unajua, kwa sababu una macho.

Rolls-Royce walipotoa Wraith mwaka wa 2013, waliunganisha giaboksi na GPS ili ijue kona na milima iliyo mbele kabla haijafika. Yaani kampuni inayouzia matajiri wa dunia iliona giaboksi bila macho haitoshi. Na wewe na Vitz yako unaniambia D inajua kila kitu.

Twende Mai Mahiu. Ile barabara ya kushuka ukutani mwa Bonde la Ufa, pale kuna kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Italia mwaka wa 1942. Ukishuka hapo na madirisha wazi utasikia harufu ya breki zinaungua. Si malori peke yake. Ni Demio, ni Note, ni Fielder, taa za breki zimewaka kutoka juu mpaka chini, D tupu.

Hebu tupige hesabu. Gari ya tani 1 ikishuka mita 300 kwenda chini wima, bila kuongeza mwendo, inaachilia nishati ya karibu megajuli 3. Hiyo inatosha kupeleka karibu lita 9 za maji kutoka baridi ya kawaida mpaka kuchemka. Lazima iende mahali. Upepo na matairi vinachukua kiasi. Inayobaki inaenda kwa breki ama kwa injini. Hakuna mlango wa tatu.

Ukiiachia breki yote, padi zinapata moto mpaka zinapoteza kushika. Unakanyaga kwa nguvu zaidi, joto linaongezeka. Mafuta ya breki yakiwa ya zamani, yameshavuta unyevu, yanachemka mapema na kutoa mapovu. Mapovu yanabonyezeka. Mguu unazama mpaka chini na gari haisimami. Ukifika hapo, maombi ndiyo yanabaki.

Dawa iko mkononi mwako, imeandikwa pale kando ya D. Kwa otomatiki za zamani ni 3, 2 na L, pamoja na kile kitufe cha O/D. Kwa Toyota nyingi za CVT ni S na B, na kwa haibridi kama Aqua ni B. Honda Fit nyingi zina S na L. Ukiona mteremko mrefu unakuja, punguza mwendo KWANZA ukiwa juu, kisha weka gia ya chini, kisha ushuke. Injini itapiga kelele kidogo. Usiogope, kelele hiyo ndiyo kazi yenyewe: injini inavuta gari nyuma. Breki unaigusa mara moja moja, unaachilia, inapoa. Kitu cha kuepuka ni kurusha gari kwenye L ukiwa kwa kasi kubwa, ama ghafla kwenye barabara inayoteleza, kwa sababu tairi zinaweza kukosa kushika.

Na wale wa nyutro, mimi na nyinyi hatujamalizana. Ati unashuka na N ndio uokoe mafuta. Buda, injini za sasa zinanyunyiziwa mafuta kwa amri ya kompyuta. Ukiwa ndani ya gia, mguu umeachilia pedali na gari inakimbia, kompyuta inaweza kukata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka N, injini lazima ichome mafuta ndio isizime. Kwa hivyo umetupa breki ya injini na bado hujaokoa kitu. Kila mtu Kenya anajua jina la Salgaa, na kila mtu amesikia habari ya malori yanayoachiliwa pale kwenye nyutro. Usilete tabia ya Salgaa ndani ya gari ndogo yenye watoto nyuma.

Vivyo hivyo Iten ukishuka Bonde la Kerio kupitia Tambach. Vivyo hivyo ule mteremko wa daraja la Nithi ukielekea Meru. Giaboksi haina kumbukumbu ya majina haya. Wewe unayo.

Matope nayo. Kuna kitufe kimeandikwa SNOW kwenye magari mengi kutoka Japani, na sisi hukicheka kwa sababu theluji yetu iko juu ya Mlima Kenya na hakuna mtu anaendesha huko. Kazi yake kwa mengi ni kuanza na gia ya pili na kupunguza nguvu inayoenda kwa tairi ghafla, ndio tairi isizunguke bure. Hiyo ndiyo unahitaji ushago mvua ikinyesha na barabara ni ya udongo. Kitufe kiko hapo miaka yote, na wewe unaita boda wakusukume.

Sasa pesa, kwa sababu najua hapo ndipo mtanisikiliza.

Giaboksi inayojirekebisha ni kama mama yako. Anaumwa miezi mitatu, ukimuuliza anasema "niko sawa tu". Klachi zinaisha, kompyuta inaongeza presha. Oili inachoka, kompyuta inabadilisha muda wa kushika. Wewe huhisi kitu. Siku ambayo imefika mwisho wa kujirekebisha ndiyo inawasha taa, na mara nyingi inajifungia kwenye gia moja ili ikufikishe nyumbani pole pole. Kwako imeharibika "ghafla". Kwake ilikuwa vita ya muda mrefu.

Ndio maana oili ya giaboksi sio kitu cha kuahirisha, na sio kitu cha kukisia. Nimewahi kuambiwa na fundi, uso mkavu kabisa, ati ATF ni ATF, bora iwe nyekundu. Hapana! Ile hesabu yote ya kushika na kuachia imepangwa ikijua tabia ya oili fulani. Rudini kwa ile Ultradrive ya Chrysler. Dipstiki yake ilisema unaweza kutumia oili ya kampuni ama Dexron. Waliotumia Dexron wakaona giaboksi inatetemeka na kuharibika, na jina la giaboksi hiyo likachafuka kwa miaka. Kompyuta ilikuwa ya kisasa kuliko nyingi za wakati wake, lakini oili ikaifelisha.

Kwa CVT ni mbaya zaidi. Huko hakuna gia za kawaida. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati, na puli zinapanuka na kujibana ili kubadilisha uwiano. Kushika kwa mkanda huo kunategemea oili yenyewe. Nissan wana NS-2 na NS-3. Honda walikuwa na HMMF, kisha HCF-2. Toyota wana TC na FE. Ukimwaga ATF ya kawaida humo kwa sababu ilikuwa kwenye ofa, mkanda unateleza juu ya puli, chuma kinakwaruza chuma, na hakuna kompyuta ya kukuokoa. Angalia jina la oili kwenye kitabu cha gari. Kama kitabu ni cha Kijapani, simu yako inatafsiri kwa kamera. Unajua kuitumia kutafsiri menyu ya sushi, itumie kwa hii.

Lakini siwezi kuwalaumu madereva peke yao. Nani alitufundisha? Tulisukuma vigari vya kuchezea juu ya ubao wa barabara za kuchora, tukaimba alama za barabarani, tukatoka na cheti. Mwalimu wangu wa udereva alinipa somo zima la otomatiki kwa sentensi moja: D ya kwenda, R ya kurudi, P ya kulala, hizo zingine achana nazo. Siku hizi hata unaweza kupata leseni ya gari ndogo ya otomatiki peke yake. Sawa kabisa, sina shida nayo. Shida ni kwamba unaweza kuipata bila kushuka mteremko mmoja mrefu ukitumia gia ya chini. Katika nchi yenye Bonde la Ufa katikati! NTSA na shule za udereva wana deni hapa. Somo la mteremko kwa otomatiki liwe la lazima, na liwe kwenye mtihani, barabarani, sio kwa ubao.

Wasee wa manyuali watasema, "Si ndio tulisema? Manyuali inakulazimisha kufikiria mbele." Hapo mko sahihi, na nawapa alama yenu. Dereva wa manyuali anaangalia mlima na kuchagua gia kabla ya kufika. Lakini ujuzi huo uko kwa macho na kichwa, na hauhitaji klachi. Mwenye otomatiki anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mkono mmoja. Kinachokosekana ni kuambiwa kwamba anaruhusiwa.

Kwa hivyo nakuambia: unaruhusiwa. Hizo herufi ni zako, ulizilipia ushuru. Kabla ya safari yako inayofuata ya kushuka Mai Mahiu, tafuta mteremko mdogo karibu na kwenu, barabara ikiwa wazi, ujaribu S, ama 2, ama B. Sikiliza injini ikishikilia gari. Halafu ukiwa na mzazi, mjomba ama dereva wa Uber anayeshuka na breki zinanuka, mwambie kwa heshima, "Samahani, jaribu gia ya chini." Akikuuliza umejulia wapi na wewe huna hata gari, mwonyeshe hii.